Ukurasa wa Maua na Ukurasa Mweupe

Gitega, Jumatatu, 3 Machi 2003

Paka amehamia kwa jirani Kadidja, kule iko samaki wa ndagala. Basi nimebaki mi peke yangu.

Amisa bado yuko Muyinga, kwa binti yetu Layla. Wale wenye bunduki walipotuibia mpaka vijiko, mke wangu alisema: Baba Layla, kwenye nyumba tupu mi sirudi. Nimemtumia salamu: rudi, nyumba imejaa! Uongo. Iko mkeka na sufuria.

Jumatano, 5 Machi

Baguma, yule Mkongomani wa siberi, pale pa kompyuta za kukodi, anatengeneza siti ya mtaa wetu — kurasa za intaneti ndani ya ordinateri, waliokimbia vita watazame kwao. Hata kule Muyinga itaonekana, ofisini kwa Zakaria, mume wa Layla. Aha! Nikasema: nipigeni picha sebuleni kwangu. Nikaazima viti vya jirani Houssein, pazia na saa ya ukuta ya Kadidja.

Sandrine, msichana wa Bukavu anayefanya kazi na Baguma, alileta kamera kabla viti havijafika. Akanipiga vilevile, nimekaa mkekani! Viti vilipokuja akanipiga tena. Nimemwambia ile ya kwanza aifute. Akacheka tu.

Ijumaa, 7 Machi

Baada ya swala tumejazana siberi, tuchague. Kila mmoja ametengeneza ukurasa wake. Wa Baguma: manjano, nyekundu, maua ya waridi pembeni, nyota zinakonyeza kama mjane aliyemaliza eda. Katikati mimi, kitini, gavana kabisa! Haukuwa hata umefunguka wote, watu wameshaupenda. Eeeh!

Wa Sandrine: mweupe. Mweupe tu! Maneno machache na picha moja ndogo — mimi, mkekani. Houssein akauliza: huu nao nani ameupora? Watu hoi kwa kucheka. Sandrine akajitetea, ati weupe unapumzisha jicho. Nikamwambia: binti yangu, jicho langu limepumzika vya kutosha, kutwa linatazama ukuta. Wakacheka tena. Mi pia. Halafu nikaacha.

Wa maua umeshinda. Sandrine ameomba wake ubaki nyuma, anayetaka abonyeze. Nani atake?

Jumamosi, 8 Machi

Houssein amebeba viti vyake. Kadidja amechukua pazia na saa. Nilikuwa nimeanza kuizoea sauti yake — ya saa, si ya Kadidja.

Muyinga, Jumanne, 11 Machi

Nimefika na msafara wa askari, nimebanwa katikati ya magunia ya mchele. Amisa alinitazama juu mpaka chini: umekonda kama mwavuli, Baba Layla. Nikasema ngoja kesho uone nyumba, ndipo utanijua.

Jumatano, 12 Machi

Zakaria alitufungulia ofisini kwake. Laini nzito! Waridi zilishuka moja moja, kama zinaona haya. Mwisho nikatokea mimi na viti vyangu. Amisa alitazama kama anavyotazama kitenge sokoni: mara moja, amemaliza. Nzuri, akasema. Kama duka. Na saa ya Kadidja bado inachelewa?

Zakaria akajikohoza, akabonyeza ovyo huko chini. Ule mweupe ukaja mara moja — hauna mzigo. Nikapiga kelele: funga hiyo, mbaya hiyo! Amisa: acha.

Akavaa miwani. Akatazama. Ukuta. Mkeka. Mimi, kadogo vile. Akaweka kidole kwenye kioo, pembeni yangu. Hapa ni upande wangu, akasema. Kumbe kweli! Nimejibana ukingoni, nusu ya mkeka nimeiacha wazi. Mkeka wote wangu, na sikujua nakaa hivyo.

Hii ndiyo nzuri, akasema. Basi. Akavua miwani, tukarudi kwa Layla.

Sasa mi niko barazani naandika, yeye yuko chumbani. Nasikia anatoa nguo kabatini. Layla anamwuliza: mama, unatafuta nini? Msafara wa kurudi Gitega unaondoka kesho asubuhi. Huenda anatafuta shuka tu. Mi siulizi. Nikiuliza nitatania, nikitania nitaharibu. Zipu ya begi hiyo — au nasikia ninachotaka kusikia?