Bosi Kanipanga Jumamosi

Stavro, uko wapi? Nachemka hapa!

Unamjua Darryl, yule beki wetu wa kulia mwenye kitambi? Ndiye bosi wangu mpya kule duka la mbao. Ndiyo, YEYE!

Jumamosi iliyopita nilimtoa wakati wa mapumziko, chungwa bado liko mdomoni. Mimi golini nimeokota mpira wavuni mara tatu, mabao yote yamepita upande wake! Kocha ni mimi, ningefanyaje?

Leo asubuhi kazini, mbele ya watu wote, ananiambia: "Huku kocha ni mimi, mwanangu. Jumamosi hii utakaa benchi." Kanipangia zamu siku ya mechi! Watu wakacheka. Eti mwanangu! Mtu wa rika langu!

Sasa sikia. Jioni kaja mazoezini, anatabasamu kama hakuna kilichotokea. "Kocha, Jumamosi naanza?"

Naanza! Hana haya huyu mtu!

Nikavua glavu, nikamtupia kifuani. "Unaanza, bosi. Golikipa tunaye mmoja tu, nawe umempanga auze mbao. Kwa hiyo golini utasimama wewe."

Na tunacheza na vinara wa ligi, Stavro.

Simu inaita. Ni yeye. Acha iite.