Paka wa Bi Eunice

Lukore,
4 Novemba 2024

Kwa Mama yangu Kaluki,

Pokea salamu za babako. Mimi sijambo, ila magoti hunisumbua asubuhi. Ng'ombe wazima, isipokuwa mmoja ametupa mimba. Wewe je? Homa ile imekwisha?

Issa alipokuja na gari lake kuchukua machungwa ya kuuza huko kwenu aliniambia umeacha kazi ya hoteli, sasa unalea mbwa na paka wa watu wakisafiri. Nilicheka mpaka akadhani nimepaliwa. Nilipokupa jina la mama yangu sikujua utakuwa yaya wa paka! Mbwa wangu hapa anajilea mwenyewe na hajawahi kulalamika. Lakini tangu mamako atutoke, maneno yangu yote humwambia huyo huyo mbwa, kwa hiyo sina haki ya kukucheka sana.

Jibu umpe Issa. Simu huku milimani inakatakata tu.

Ni mimi babako,
Munyoki


Ukunda,
11 Novemba 2024

Shikamoo Baba,

Mimi ni mzima, homa imekwisha. Pole kwa ng'ombe.

Issa hakukwambia yote. Hoteli ilitupunguza watu kumi na wawili, nami nikiwamo. Hapa Diani wenye nyumba wengi husafiri, na mbwa akiachwa peke yake husononeka, hata chakula hagusi. Basi mimi na mwenzangu Mbodze, binti wa Gazi, tunawalea mpaka wenyewe warudi. Mbodze ndiye fundi; mimi mbwa wakubwa bado nawaogopa. Ila kazi hii hutegemea jina jema tu, Baba. Mtu anakuachia ufunguo wa nyumba yake na kiumbe anachokipenda. Jina likichafuka, hakuna atakayetupa ufunguo tena.

Disemba tutazidiwa. Bi Eunice, mwalimu mstaafu, anakwenda Kisumu mwezi mzima, mpaka Januari, na paka wake mzee atakaa kwangu. Huyo paka alikuwa wa marehemu mumewe. Njoo ukae nasi, utusaidie. Sitaki ule Krismasi na mbwa.

Mwanao,
Kaluki


Ukunda,
13 Januari 2025

Shikamoo Baba,

Natumaini ulifika salama. Mimi mwili mzima, moyo hapana.

Uliondoka Jumatano asubuhi. Jioni ile paka wa Bi Eunice akaanza kutokwa na mate na kutetemeka. Ijumaa alikufa mapajani mwangu. Daktari wa mifugo alisema ni sumu. Bi Eunice alirudi Jumamosi, akamchukua amefungwa kwenye kanga. Hakunitukana. Alisema tu, "Alikuwa akilala upande wa mume wangu." Afadhali angenitukana.

Wiki ile Mbodze alikuwa amenunua sumu ya panya ya kuweka stoo. Nilimuuliza papo hapo, mbele ya Bi Eunice. Aliinamisha kichwa, hakujibu neno. Asiye na hatia si hujitetea, Baba? Nimemfukuza, na tangu hapo silali vizuri.

Wewe ulikuwa nyumbani siku zile. Kama uliona chochote, niandikie.

Mwanao,
Kaluki


Lukore,
27 Januari 2025

Mama Kaluki,

Salamu nyingi. Mimi sijambo. Mvua hakuna, majani ya ng'ombe yamekauka.

Pole kwa paka. Paka mzee hufa hata bila kuuawa. Mimi sikuona kitu. Usiwaze sana, kula vizuri.

Babako


Lukore,
22 Aprili 2025

Mama,

Nimepata barua zako mbili zilizofuata na sikuzijibu. Leo sikuulizi hali, maana sina uso wa kuuliza.

Asubuhi niliyoondoka, paka yule alinijia miguuni. Nikamwona ana kupe masikioni na viroboto tele. Nikasema siwezi kuondoka bila kumpunguzia binti yangu kazi. Mkobani nilikuwa na dawa ya kupe niliyowanunulia ng'ombe. Nikaichanganya kwenye beseni kama ninavyowafanyia ndama, nikamwogesha mwili mzima, nikamkausha juani. Ndama haiwadhuru. Sikufikiri kwamba paka hujilamba.

Niliposoma barua yako ya Januari nilijua mara moja. Nikaogopa, mwanangu. Si Bi Eunice niliyemwogopa, ni wewe. Nina wewe tu. Nikajiambia yule binti bado kijana, atapata kazi kwingine. Juzi Issa kaniambia Mbodze hapati wa kumwajiri, kuanzia Gazi mpaka Diani anaitwa muuaji wa paka, na sasa anapara samaki wa watu. Alinipikia siku zote nilizokaa kwako, akiniita Baba.

Mwambie. Nimezeeka vibaya.

Munyoki


Ukunda,
29 Aprili 2025

Shikamoo Baba,

Nimeiandika shikamoo kwa sababu ulinifundisha. Leo haikutoka moyoni.

Nilianza kwa Bi Eunice. Alinisikiliza mlangoni, akasema asante, akafunga. Kisha nikaenda Gazi. Mbodze alikuwa na magamba ya samaki mpaka viwikoni. Nilimpa barua yako, akairudisha kabla ya kuimaliza.

"Naijua habari hii," alisema. "Nilimwona mzee na beseni. Daktari alipotaja sumu ndipo nikaelewa."

"Mbona hukusema, Mbodze?"

"Uliniuliza mbele ya mgeni, dada. Ningemtajaje baba yako mbele ya mgeni? Kwetu mzee haumbuliwi mbele za watu. Nilingoja uniulize tukiwa wawili. Hukuniuliza."

Kosa la dawa nimekusamehe, ulifanya kwa mapenzi. La kunyamaza bado. Na langu mimi sijui nimwombe nani anisamehe. Nimewarudishia wenye nyumba funguo zao zote.

Mbodze hataki barua, anataka kukuona. Jumamosi tarehe kumi Mei, saa saba mchana, nyumbani kwao. Issa atakupitia asubuhi. Njoo, Baba. Hata usiposema neno, kaa tu nasi.

Mwanao,
Kaluki


Ukunda,
11 Mei 2025

Baba,

Issa anasema alikukuta umevaa koti, umekaa kitandani, viatu mkononi. Anasema alikungoja sana, mwishowe ukamwambia atangulie.

Mbodze alikuwa amepika wali na samaki wa kutosha watu watatu. Tulingoja mpaka alasiri, ndipo tukala wawili. Sahani yako aliifunika, akampelekea jirani. Aliporudi alinisindikiza mpaka barabarani, akanishika mkono, akaniomba nisiende tena kwake bila wewe.

Kaluki