Mpira Uliovuka Ukuta

Philadelphia,
13 Agosti 1944.

Mpendwa mwanangu Edmund,

Nakusalimu kwa moyo wote. Hujambo huko baharini? Unakula, unalala? Mimi ni mzima, ila goti linanisumbua kama kawaida yake. Tangu Pasaka sijapata barua yako. Kila asubuhi tarishi anapita mlangoni kwetu bila kusimama, nami najifanya nafagia ngazi. Zimekuwa safi mno ngazi zenyewe.

Jana nilikwenda kutazama besiboli peke yangu. Nilikaa palepale petu, kiti chako nikakiwekea kofia asije akakaa mtu. Wala hapakuwa na haja, maana kabla mchezo haujafika nusu watu walishaanza kwenda zao.

Tulipigwa, mwanangu, tukapigwa hadi aibu. Wageni ishirini na mbili, sisi moja. Wachezaji wetu wa maana wote mko nao huko vitani. Mrushaji wa jana ni baba mzima mwenye kipara, wamemtoa kiwanda cha sabuni, na kila alichorusha kilipigwa kama zulia linalokung'utwa vumbi.

Basi mpira mmoja ukaja majukwaani, ukadunda, ukatua ndani ya kofia kwenye kiti chako. Sikutanii. Unajua tangu vita vianze mpira ukiangukia watazamaji hurudishwa uwanjani, wakusanye wawapelekee askari. Mimi mwenyewe nimewazomea wengi waliokataa. Lakini huu nikaushika, mkono ukagoma kuuachia.

Bi Hanlon, yule muuza karanga, akapaza sauti: "Mzee Wrobel, unaatamia nini hapo? Rudisha, ni wa vijana wetu!"

"Na mimi nina kijana."

Akanijibu: "Si ndiyo maana urudishe, umfikie?"

Nikaona asemayo ni kweli. Nikatoa penseli, nikaandika juu ya mpira, nikarusha. Mkono wangu unaujua: ukaangukia miguuni pa yule mwenye kipara badala ya kwenda kwa wakusanyaji. Naye kwa uchovu wake hakutazama. Akauokota, akamrushia mpigaji wa wageni, na yule bwana akaupiga ukavuka ukuta mpaka mtaani. Huo ndio uliowatimizia wageni alama ishirini na mbili.

Waliobaki wakacheka. Nikacheka nao, kisha nikainama kama natafuta kitu chini ya kiti, maana machozi yalinijia.

Mchezo ulipokwisha nilizunguka nyuma ya uwanja, nikachungulia chini ya magari na kwenye mitaro. Bi Hanlon aliweka sinia lake chini akanisaidia, huku akimsema mrushaji: "Kipara chote kile, na maandishi hakuyaona!" Hatukuupata. Nilirudi nyumbani, nikapika viazi vya watu wawili kwa kusahau.

Shangazi yako Bronia anakusalimu sana, na Bi Hanlon anasema karanga zako anazo. Mungu aishike hiyo meli yenu mkononi mwake, popote ilipo.

Wala usidhani niliandika maneno mengi kwenye mpira ule. Yalikuwa mawili, na kwa kuwa hayakukufikia nayarudia hapa: Niandikie, mwanangu.

Baba yako akupendaye, anayekungoja mlangoni,
Teofil Wrobel