Sentensi Saba na Bia ya Ndizi

Jumanne, 8 Oktoba

Nisamehe, daftari. Miezi minne sijakufungua. Mara ya mwisho nilikuwa na tumbo. Sasa mwanangu Ornella yuko mgongoni na ninaandika nimesimama, maana nikikaa tu analia. Nepi kumi na moja ziko kwenye kamba na mvua inanukia.

Haraka basi. Leo darasa la Kiingereza, kwenye ukumbi wa parokia, hapa hapa mtaani kwetu Ngagara. Mwalimu Désiré kaleta beseni la vikaratasi, kila mtu achote neno lake moja. Nadine, tunayekaa naye benchi moja, kapata neno refu la watu wa benki. Akalibusu. Mimi nimepata run. Herufi tatu! Kukimbia! Mtoto wa shule ya msingi analijua. Nilikasirika kabisa.

Halafu akatugawia karatasi. Yangu ina sentensi saba, run iko ndani ya kila moja, maelezo hakuna. Nimezigeuza neno kwa neno: Mtoto anakimbia. Injini inakimbia. Pua inakimbia. Rangi imekimbia. Bomba linakimbia. Programu inakimbia. Mwanamke anakimbiza mgahawa.

Wazimu mtupu.

Sheria ya mwalimu: simu marufuku, kamusi marufuku. Unaenda kwa mwenye kazi hiyo, unashika kitu chenyewe kwa mkono wako mpaka uelewe. Jumamosi ya tarehe 19, saa nne asubuhi, unasimama mbele na kueleza kwa Kiingereza. Atakuwepo mama mkurugenzi wa shule moja ya watoto wadogo kule mtaa wa Kinindo. Anatafuta msaidizi. Kazi ya asubuhi tu. Anachukua mtu mmoja.

Ninaitaka kazi hiyo. Naiandika hapa ili nikiikosa nisijidanganye kwamba sikuitaka.

Alhamisi, 10 Oktoba

Buyenzi, kwa mafundi wa magari. Mzee Ramadhani kasoma karatasi yangu, yaani nimemsomea, akavua kofia akajikuna.

"Injini inakimbia? Ikimbie iende wapi, mama mutoto? Iko na miguu?"

Wote wakacheka, hata yule aliyelala chini ya gari. Nimevumilia. Kisha mzee kasema bismillah, akawasha lori bovu lililosimama pale, akaniambia weka mukono juu ya boneti.

Nikaweka. Matairi hayajasogea hata kidole. Lori liko palepale. Lakini ndani kila kitu kinakwenda, nasikia mpaka kwenye kiwiko. Nikapiga kelele. "Ndiyo hiyo! Inakimbia imesimama!"

Mzee akaangalia wenzake. "Sasa ameelewa, mi ndo sielewi."

Nimerudi kwa miguu mpaka nyumbani bila kuhisi uzito wa mtoto. Tangu Agosti nimesimama kwenye kamba ya nepi, nikidhani nimezimika. Apana. Sijazimika.

Ijumaa, 11 Oktoba

Chanjo ya Ornella. Ana mafua. Nikamwonyesha muuguzi sentensi ya tatu, nikaanza kumweleza vizuri. Hakunisubiri.

"Pua ya mwanao inafanya hiyo sentensi sasa hivi, mama. Futa."

Tatu zimeisha, ukihesabu ile ya mtoto, ambayo haihitaji fundi.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimefua kitenge kipya pamoja na shati jeupe la mume wangu Léonidas, lile la harusi za watu. Limetoka la waridi. Siku nyingine ningelia. Leo nimelinyanyua juu ya beseni, maji yanachuruzika, nikacheka peke yangu kama mlevi. Rangi imekimbia! Imekimbia kutoka kitenge ikajificha kwenye shati!

Mwalimu alisema mwenye kazi hiyo. Mwenye kazi ya kufua hapa ni nani kama si mimi?

Léonidas yuko Gitega, anajenga nyumba ya mtu, analala kwa mama yake. Atalikuta shati Krismasi. Nitamweleza kwa Kiingereza.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mbili kwa siku moja! Bomba la jirani lililoachwa wazi, na kijana wa pale wanapopiga fotokopi, ambaye alibonyeza kitufe kimoja, kompyuta ikafanya kazi yenyewe naye akanywa chai. Sita zimekwisha. Nina furaha!

Jioni simu. Mabukwe, mama yake Léonidas.

"Jumamosi tunakuja kukuhemba. Watu tisa."

Miezi miwili nimeingojea simu hiyo. Wenzangu wote waliojifungua wameshahembwa: ukoo wa mume unakuja na vikapu na bia, unakaa, unakula, unakushukuru kwa kuzaa. Mwaka huu wa uchovu wote nilitaka siku moja ya kushukuriwa. Imekuja tarehe 19.

Nikajaribu. "Mabukwe, tukisogeza wiki moja?"

"Ndizi nimezikamua leo asubuhi. Bia haiwezi kukungoja, itaharibika."

Kweli. Ikiiva imeiva, haingoji mtu. Na mama asiyekuwepo nyumbani siku ya kuhembwa ni kama kawafungia mlango usoni. Yatasemwa mpaka Ornella aolewe.

Naogopa.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimemwomba mwalimu anisogeze. Apana. Mkurugenzi anakuja siku hiyo tu. Nadine kanishika bega. "Kaa nyumbani na wageni wako, dada. Kazi ziko nyingi." Nadine naye anaitaka kazi hiyo hiyo. Nimemwambia asante sana dada, na tumeangaliana tukacheka, maana tunajuana.

Nikaenda kwa Mama Zaituni, mwenye mgahawa Buyenzi. Sentensi ya saba. Nimekaa pembeni saa nzima namtazama. Yeye hainuki kwenye kigoda chake. Wasichana wanne wanapita na sahani, ndagala, dagaa wa ziwani, zinakaangwa, muuza mkaa anabishana mlangoni. Yeye anainua nyusi tu. Nyusi moja, mchele unaongezwa. Nyusi mbili, muuza mkaa anapunguza bei.

"Unaniangalia nini, we mama?"

"Najifunza, Mama Zaituni."

"Basi kula, hatujifunzi na njaa."

Saba. Zote ninazo. Nimetoka pale na uamuzi. Nimempigia Mabukwe nikiwa barabarani, kabla moyo haujabadilika.

"Mabukwe, Jumamosi saa nne nina mtihani wa kazi. Uko kwenye ukumbi wa parokia, karibu na kwangu. Saa saba nitakuwa nyumbani, chakula tayari. Nawaomba mfike saa saba. Mtihani sitauacha."

Kuku wake nikawasikia.

"Nimesikia." Akakata.

Alhamisi, 17 Oktoba

Ujumbe wa Léonidas: umemfanya nini mama, hasemi na mtu. Nikamjibu: nimemwambia ukweli. Akajibu: Eeh.

Mwanaume mzima, Eeh.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimepika maharage ya watu kumi. Wasipokuja nitayala mpaka Jumatano. Sentensi nazisema nikichochea. Ornella ananitazama mdomo.

Jumamosi, 19 Oktoba

Lazima niandike kabla sijasahau hata kidogo.

Saa nne kasoro nilikuwa ukumbini, Ornella mgongoni. Mkurugenzi kakaa mbele, miwani, daftari jeusi. Nadine kaanza. Kasema vizuri sana. Nimeumia, naandika ukweli.

Likaitwa jina langu. Nimefika mbele, mlango wa nyuma ukafunguka. Mabukwe! Kavaa imvutano, nguo yake ya sherehe, kaifunga begani sawasawa. Nyuma yake watu wanane kwa mstari, vikapu kichwani, na madumu mawili ya bia ya ndizi. Harufu ikajaa ukumbi mzima.

Mwalimu Désiré kasimama. "Mama, hapa ni mtihani."

"Tumekuja kumhemba mzazi," kasema Mabukwe. "Mzazi yuko wapi? Si huyu hapa?"

Akapita katikati ya benchi polepole, kama yuko kwake. Akanifungua kitambaa, akamtoa Ornella mgongoni. "Lete mjukuu wangu. We sema hayo maneno yako." Akarudi nyuma, akaketi benchi la mwisho, akawapanga wale wanane. Vikapu huku, madumu kule, shangazi mwenye mguu mbovu ukingoni anyooshe. Kwa kidole tu.

Mgongo wangu ukawa mwepesi ghafla. Nikaanza. Mtoto, injini, pua, rangi. Shati la waridi nilikuwa nimelileta, nikalinyoosha juu, mkurugenzi akacheka kwa sauti. Bomba. Programu. Kisha ya saba, mwanamke na mgahawa. Imepotea. Yote. Kichwani kweupe. Nimeona nyusi za Mama Zaituni na sikuona neno hata moja.

Nikaangalia nyuma nikamwona Mabukwe, mtoto kalala begani kwake, na kwa mkono mwingine anamzuia mjomba asifungue dumu mapema. Nikamwonyesha kwa mkono. Nikasema, kwa Kiingereza changu: yule mwanamke ndiye anayekimbiza ziara hii yote, na hajainuka kwenye benchi.

Wale tisa hawajui Kiingereza. Walichoona ni mimi kumnyooshea mkono mkubwa wao kwa heshima mbele ya watu. Vigelegele! Makofi! Mjomba akafungua dumu.

Mkurugenzi kavua miwani, anajifuta macho. Akauliza swali moja tu: mtoto wako atakaa na nani asubuhi?

Sina mtu. Nikasema hivyo hivyo.

Mabukwe kauliza nyuma, "Anasemaje huyo?" Mwalimu akamtafsiria. Akambadilisha Ornella bega.

Mkurugenzi kaandika. Nimepata! Naanza Jumatatu ya tarehe 28, nikipata wa kukaa na mtoto. Nadine kanikumbatia, akaniambia nimemwibia kwa bia. Nikamkaribisha, akaja, akala maharage sahani mbili.

Walinishukuru kwa kuzaa. Mmoja mmoja, wakisimama. Nimelia mbele ya wote.

Jumapili, 20 Oktoba

Wameondoka na bisi ya asubuhi, gari la Gitega. Nyumba imetulia. Mabukwe aliniaga kwa maneno machache. Kuhusu swali la jana, hakuna.

Nimefagia. Nyuma ya mlango nimekuta mkeka wake wa kulalia, umekunjwa vizuri, umefungwa kamba. Mwanamke yule hajawahi kusahau kitu.

Ornella kalala. Nimekaa chini, halii. Nitampigia Léonidas baadaye. Haya ndiyo anitumie, nisisahau:

Fotokopi ya diploma yangu, iko kwenye sanduku langu la bati nililoacha huko Gitega, chini kabisa.
Viatu vyangu vyeusi vya kufunika vidole.
Kitambaa kingine cha kubebea mtoto, kizito.
Unga wa muhogo, kilo tano.
Na mama yake, kwa bisi ya Jumapili ijayo. Mkeka uko hapa.