Simu Isiyo na Uso Wangu

Aberdeen, Scotland
Jumapili mchana

Baba mpendwa,

Natumaini barua hii imekukuta umekaa nje kwa jua, kofia imeshuka mpaka kwa nyusi, na Mama analalamika kwamba chai inapoa. Goti linasemaje? Na kile kikohozi cha asubuhi? Mimi ni mzima. Baridi ya huku haizoeleki, inavumiliwa tu, lakini ni mzima.

Nimeamua kukuandikia kwa karatasi kwa sababu tukiongea Jumapili kwa simu ya mdogo wangu Kamau unanikubalia kila kitu, halafu Jumatatu Mama ananiambia hukumbuki tulisema nini. Sikulaumu. Daktari alieleza na sote tulisikia. Lakini macho yako bado yanasoma bila miwani, jambo ambalo hata mimi siliwezi, kwa hivyo soma hii pole pole, na ukisahau uisome tena. Nitaanza mwanzo, kama mtu asiyejua chochote.

Mimi ni Wangari, kifungua mimba wako. Nilipewa jina la mama yako, ndiyo maana hujawahi kuniita kitu kingine ila Maitu, yaani mama yangu, hata ukiwa unanigombeza. Nilikuwa nikiishi Ruiru, kule Mwihoko, kwa chumba cha kukodi, kisha nikapata kazi huku Scotland kwa dobi kubwa inayofua mashuka ya mahoteli. Mashine inafua, mashine inakausha, mashine inapiga pasi, na sisi tunakunja. Mashuka yote ni meupe. Hakuna hata moja lenye maua kama yale ambayo Mama huanika juu ya ua, na siku nyingine nikikunja namkumbuka mpaka mikono inasimama, na msimamizi anakohoa nyuma yangu.

Mwanzoni mimi na wewe tulikuwa tunaonana. Kamau alikununulia ile simu ya kugusa, na ingawa ulisema haisikii vidole vyako kwa sababu ya sugu, Mama alikuwa anakubonyezea. Halafu ikaanguka kwa debe la maji ya ng'ombe na huo ukawa mwisho wake. Tangu hapo nakuona Jumapili pekee, Kamau akija Thika kutoka Membley, na hata hapo unaniangalia kidogo tu kisha unageuka kumwuliza yeye kama ng'ombe amekunywa.

Kisha ukapotea. Najua neno hilo hulipendi. Uliendesha lori la kiwanda cha nguo tangu kabla sijazaliwa na hukuwahi kumwuliza mtu njia. Lakini siku ile uliondoka asubuhi ukisema unaenda kununua chumvi ya ng'ombe, na jioni ukapatikana Kamakis, kule Ruiru, umekaa nje ya hoteli moja ya nyama choma, viatu vimejaa vumbi. Kamau alipokuuliza unafanya nini pale, ulisema, "Nangoja watu." Hakuna aliyejua ni watu gani, na hukutaka kusema.

Ndipo tukaanza kubishana juu ya simu. Kamau alinipigia akiwa bado na hasira ya woga.

"Wangari, tafutia Baba simu iko na GPS. Hiyo ya kuonyesha mahali mtu ako. Mambo ya kuonana tutaona baadaye."

Mama akamnyang'anya simu. "Wacha huyo. Leta ya kuonana. Huyu landlord wa hapa karibu ameweka Wi-Fi, na amesema atatuunganisha. Baba yako akiona uso wako kila siku, atatulia kwa nyumba."

Nikaenda dukani, kwa kampuni ninayotumia laini yake. Kwa mkataba wangu nilikuwa na haki ya kuchukua simu moja tu. Nyingine ni mpaka mkataba uishe. Za mabonyezo makubwa, zile za wazee, zilikuwa aina mbili. Ya kwanza ina GPS ndani yake: ukitembea nayo, mimi naona kwa ramani ya simu yangu mahali ulipo, hata kama ni nyuma ya posho mill, pale wanaposaga unga. Lakini haina Wi-Fi, wala haina kamera. Ya pili ina Wi-Fi na kioo kipana. Ungebonyeza kitufe kimoja tu na uso wangu ungekuja mbele yako, na wako mbele yangu. Lakini haina GPS. Ukitoka nayo langoni, umetoka.

Nilisimama pale mpaka msichana wa duka akaniletea kiti.

Ukweli, Baba, mkono wangu ulikuwa juu ya ile ya pili. Nilitaka kukuona ukinywa chai kwa kisahani, ukipuliza. Nilitaka kuona kama nywele zimebaki. Nina hamu na wewe ambayo sijui niiweke wapi. Lakini nikafikiria ile barabara kubwa ya bypass pale Kamakis, na yale magari, na vile wewe huvuka barabara ukiwa umeinua mkono kana kwamba bado unamwashiria mlinzi wa kampuni akufungulie geti. Nikachukua ya kwanza. Nikaomba wafungue ile kufuli ya kampuni ndiyo ishike laini ya Kenya, nikampa mtu aliyekuwa anakuja Nairobi.

Kamau alinitumia ujumbe kwamba imefika na inafanya kazi. Basi ikawa kila nikipumzika kazini nafungua ramani, na pale Thika naona nukta ya bluu. Imetulia. Asubuhi iko nyumbani, jioni iko nyumbani. Niliwaambia wenzangu kazini, "Baba yangu sasa ametulia." Nilikuwa hata nikiitakia nukta usiku mwema. Cheka tu.

Halafu siku moja Kamau akanipigia nikiwa nakula.

"Uko na ramani hapo? Baba ametoka tena."

Nikaangalia. "Ako nyumbani, Kamau."

"Angalia vizuri."

"Nimeangalia. Ako kwa sitting room."

Nikamsikia Mama nyuma yake: "Kwa sitting room ni mimi niko!"

Simu ilikuwa kwa kabati la vioo, Baba. Ndani ya boksi yake, boksi ndani ya karatasi yake, katikati ya vikombe vya wageni na ile birika ambayo hatujawahi kunywea chai, na juu yake kitambaa kilichofumwa. Mama alisema kitu kilichotoka ng'ambo hakiwezi kuzungushwa kwa mfuko mmoja na funguo na tumbaku. Kila jioni alikuwa anaitoa, anaipangusa, anaichaji, anairudisha. Majuma yote yale mimi nilikuwa nachunga kabati. Nilitaka kumkasirikia nikashindwa, kwa sababu ninamjua, na kwa sababu hata mimi kwa nyumba hiyo sijawahi kupewa kikombe cha wageni.

Sasa nikuambie ulikuwa wapi, maana nadhani hili nalo limeteleza. Ulikuwa Mwihoko. Ulipanda ngazi za ile plot ya vyumba vya kukodi niliyokuwa nikiishi, ukabisha mlango wa bluu, na msichana anayekaa hapo sasa akafungua akiwa amebeba mtoto.

"Maitu ako?" ukamwuliza.

"Hapa hakuna mtu anaitwa hivyo, babu. Umepotea."

"Sijapotea," ukasema. "Nitamngoja."

Ukakaa kwa ngazi. Yule mama wa chapati wa pale getini, jirani yangu wa zamani, ndiye aliyekutambua. Alikuletea chai, akaitafuta namba yangu, akanipigia, na nikaisikia sauti yako kwa mbali ukimwambia kwamba msichana wako huchelewa kazini lakini hurudi. Hapo ndipo nikaelewa hata habari ya Kamakis. Ni pale tulipokula wote siku ile ya mwisho, kabla mnisindikize uwanja wa ndege. Watu uliokuwa unangoja ni sisi.

Nililia kwa choo cha kazini. Nililia kwa uchungu, na sitakudanganya, kulikuwa na furaha pia ndani yake. Huku nilipo, nikichelewa hakuna mtu anayetoka kunitafuta.

Sasa Kamau ananiambia simu imetolewa kwa kabati, lakini wewe ndiye umeikataa. Eti ulisema, "Mimi si ng'ombe nivalishwe kengele." Naye, kwa vile ana kichwa kama chako, akajibu kwamba basi lango litatiwa kufuli na ufunguo akae nao yeye kule Membley. Nimemwambia hapana. Nimemwomba angoje barua hii ifike kwanza. Mtu aliyeendesha lori mpaka Busia na kurudi hatafungiwa nyumbani kwake mimi nikiwa hai. Lakini sina nguvu ya kumzuia kwa muda mrefu nikiwa mbali hivi, na Mama naye amechoka kukutafuta. Uamuzi uko kwako.

Nisalimie Mama, umwambie mfuko wa simu aliokushonea ndani ya koti nimeuona kwa picha na umekaa vizuri. Nisalimie Kamau, mdogo wangu, na mke wake ambaye hukuletea mandazi kila Jumapili akijifanya yamebaki. Wasalimie wazee wenzako wa kanisa. Na yule mama wa chapati, Mungu ambariki, ukimwona umpe mkono wangu.

Lile la mwisho ndilo nililoshikia kalamu. Baba, sikukatazi kwenda Mwihoko. Mimi siko huko, na hapa umesoma kwamba siko, lakini kuna asubuhi utaamka na haya hayatakuwa kichwani, na miguu itataka kwenda. Basi iende. Panda zile ngazi, bisha, uliza kama Maitu ako. Lakini uwe na simu kwa ule mfuko wa ndani, ndiyo nikifungua ramani nijue umefika mlangoni kwangu.

Mimi wako,
Maitu