Binti Asiye na wa Kuulizwa

“Faida ni huru moyoni kuliko sisi sote, na aliye huru moyoni hana haja ya kuachwa huru na mtu.”

Maneno hayo ni yako, Saidi mdogo wangu, katika barua uliyompa mchukuzi wa Lindi. Nimeyasoma, nikayakunja, nikayafungua tena, na kila nikiyasoma hasira inapanda upya. Lakini hasira isinisahaulishe adabu. Mama, shikamoo. Najua Saidi anakusomea haya nawe umekaa mkekani. Kifua kimepoa? Mtama umekubali mwaka huu, au bado mnaokoteza kama ile miaka ya njaa baada ya vita? Usinifiche, maana Saidi huandika “sote wazima” hata nyumba ikiungua.

Mimi mwili mzima. Tangu nilipofunguliwa mnyororo nimebaki huku Tanga, naita majina ya wakata mkonge kila alfajiri. Akida wenu hajaondoa neno lake kwamba mimi, kwa kuwa nilipigana na Mdachi, nisikanyage tena Newala. Basi nipo. Chakula kipo. Mtu wa kuzungumza naye hayupo. Hapa kuna Wanyamwezi, Wasukuma na Wabondei, Mmakonde ni mimi tu. Sikukuu iliyopita nilivaa kanzu safi, nikaenda kuswali, nikarudi chumbani na kula peke yangu. Nilitamani ming’oko hadi nikaona haya, mtu mzima kulilia mizizi ya porini.

Jioni moja jirani yangu, mpishi wa Kinyamwezi, alinisikia nikigombana kwa Chimakonde. Akachungulia, akakuta hakuna mtu. Akaniuliza kama nimemshinda huyo. Nikamjibu bado, ndugu yangu ni mbishi. Alicheka, kisha akaniletea uji. Ndivyo nilivyo, Mama. Nimekosa hata wa kubishana naye, basi nabishana na mwanao aliye mbali.

Sasa wewe, Saidi. Unasema akida ametaka msichana wa kumweka nyumbani kwake baada ya mavuno. Unasema ukimnyima utavuliwa cheo chako cha ujumbe na kulazwa kifudifudi bomani upigwe kiboko. Ukawatazama binti za dada yetu Zainabu, ukaona hapana. Hao wana mjomba, ambaye ni wewe, na kwetu binti hatoki nyumbani mpaka mjomba wake akubali. Ndipo ukamchagua Salima, binti wa Faida, ukaandika kwa mkono wako mwenyewe: “Huyu hana mjomba wa kuulizwa.”

Hana kwa sababu gani? Kwa sababu marehemu mjomba wetu alimchukua mama yake kutoka kwenye msafara wa watumwa kwa mizigo ya mpira wa porini, angali mtoto mdogo, na hakuna aliyemuuliza anatoka kwa nani. Hata hilo jina Faida alipewa na mjomba. Tulimnyang’anya ndugu zake, na leo unamhukumu binti yake kwa kukosa ndugu. Kisha unanihubiria habari za moyo.

Mahubiri hayo niliyasikia kabla yako, tena kutoka kwa mtu bora kuliko wewe. Kwenye mnyororo, tukitoka Masasi kwenda pwani, mbele yangu alikuwa mwalimu mmoja wa misheni, Mmakua, aliyekamatwa bila kosa. Alikuwa akituambia kwamba wamefunga shingo tu, moyo hawakuweza kuufunga. Nilimpenda kwa maneno hayo, nayo yalinisaidia kutembea. Halafu mzee aliyekuwa nyuma yangu akaanguka. Moyo wangu ulitaka kuinama nimshike. Mnyororo ukavutwa mbele, shingo ikaenda, moyo ukabaki unataka. Mwalimu naye alilia, na hakuhubiri tena mpaka tukafika. Nimesoma vitabu vya misheni, nimesoma vya chuo cha Kurani, na sijaona aliyenijibu hili: mtu asiyeweza kugeuka amshike mwenzake anawezaje kuitwa huru kwa sababu tu alitamani kumshika? Moyo unahitaji mikono. Anayeifunga mikono ya mtu amemnyima nafasi ya kuwa mwema, si nafasi ya kutembea tu.

Nusu nyingine ya barua yako naikubali, ili usiseme kaka yako habishani kwa haki. Umeandika kwamba hata Mdachi akiondoka leo, mtumwa wa woga atabaki mtumwa. Kweli kabisa. Ila umemnyooshea kidole asiyehusika. Kumbuka tulipokunywa maji yale ya dawa na kuapa kwamba hatutatawaliwa tena. Ni nani aliyekuwa uani akitwanga unga wa safari yetu? Faida. Hakuna aliyemwambia kwamba kiapo kile kinamhusu. Tulitaka Mdachi aondoke ili sisi tubaki mabwana. Hata tungeshinda, Saidi, uani pale pasingebadilika kitu.

Unaleta ushahidi wako mkubwa: askari walipochoma nyumba, Faida angeweza kutoroka, naye alimficha Mama kwenye korongo, akawa anashuka bondeni kumtekea maji huku risasi zinalia. Unasema huo ndio uhuru, alichagua mwenyewe. Mama, samahani, nitasema uliloniambia siku ile nilipoletwa mbele yako nimefungwa. Ulisema ulimhimiza akimbie, akuache wewe mzee. Naye akakujibu:

“Nikimbilie kwa nani?”

Basi, Saidi, isome sentensi hiyo mara nyingi kama mimi nilivyoisoma yako. Huenda alibaki kwa mapenzi. Mimi naamini alimpenda Mama. Lakini hatutajua kamwe, maana hatukumwachia pa kwenda, na wema wake tumeupokea kama tunavyopokea mvua. Wewe sasa unautumia wema huo kumchukulia mtoto.

Unasema boma linatoa karatasi ya uhuru, aende akaichukue mwenyewe. Karatasi itamwambia bwana wake aondoe mkono. Haitampa ndugu. Kwetu sisi asiye na ukoo ni mtumwa hata akiwa na karatasi kumi, na akida analijua hilo kuliko wewe.

Kuhusu kiboko, sikucheki. Nimelala kifudifudi na mimi, najua mchanga wa boma unavyoingia mdomoni. Wewe huna uhuru wa nchi, hilo ni la Mdachi na tutalijibu siku yake. Lakini shingoni huna mnyororo. Anayeanguka yuko mbele yako, nawe unaweza kuinama. Usipoinama, usiseme ni Mdachi.

Nisalimie Mama Rukia, mkeo, na umwambie chumvi aliyonitumia ilifika. Nisalimie dada yetu Zainabu na binti zake wote. Msalimie shemeji yetu fundi wa mikeka, mwambie ule alionitumia bado naulalia. Msalimie Bi Faida, dada yetu. Na umsalimie Salima, mpwa wangu.

Mama, ninachokuomba ni hiki. Chukua unga wa mtama, nenda kwenye kaburi la bibi, uumwage mbele ya majirani, na umtaje Faida pamoja na watoto uliowazaa, ili wazee wetu na majirani wajue kuwa ni mwanao. Saidi atasema unga ni ushirikina, tangu amekuwa jumbe amekuwa na dini nyingi. Basi asome dua yeye, wewe umwage unga.

Nawe Saidi, nenda kwa akida kabla ya mavuno, mchana, watu wakisikia. Mwambie binti huyu ana wajomba wawili. Mkubwa yuko Tanga, na amekataa. Kisha sema na wewe jibu lako.

Mimi kaka yako, mjomba wa Salima,
Athumani