Injini Uliyoisikiliza Baba

Tarehe 4 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unasemaje? Na mama je, bado anagombana na kuku wa jirani? Sisi huku wazima. Mjukuu wako Chiriku ameng'oka jino la mbele, lakini usidhani amenyamaza. Maneno sasa yanapitia kwenye pengo.

Jumapili nilikupigia simu, nikakuuliza habari ya gari, ukanijibu habari ya mvua. Mama akaniambia simu yenu inakwaruza, afadhali niandike kama kawaida. Basi naandika.

Baba, maji yamenifika shingoni. Unajua kazi yangu ya kuhudumia wagonjwa majumbani, kuosha vidonda, kuchoma sindano, kuwageuza wasioweza kujigeuza. Siku zote tulikuwa tunapelekwa na gari la kituo. Sasa limeuzwa. Msimamizi ametuita akasema kuanzia mwezi ujao kila mhudumu aje na usafiri wake, asiye nao aage wenzake.

Wewe unajua kazi hii imeshikilia nini. Nilipoachana na baba yake Chiriku tuliandikishana mbele ya wakili kwamba mtoto atakaa nami maadamu nina kazi ya kudumu. Nikiikosa, anakwenda kwa bibi yake mzaa baba. Yule bibi hajasahau. Kila akipiga simu huuliza kwanza kama bado nina kazi, ndipo anauliza kama tumeamka salama.

Njia ninazoziona ni mbili. Kuna kampuni inakodisha magari kwa mkataba wa miaka mitatu. Gari ni jipya, matengenezo ni juu yao, unalipa kila mwezi, na mwisho unalirudisha. Limefungwa kifaa, ukichelewa kulipa wanalizima wakiwa wamekaa ofisini kwao. Tena wanataka mdhamini mwenye nyumba, na mwenye nyumba ninayemjua mimi ni wewe. Njia ya pili ni gari kuukuu la mzee mmoja wa mtaani kwetu, tunamwita Miwani. Akiba yangu yote inatosha kulinunua, kisha nabaki pangu pakavu tia mchuzi.

Nisaidie kuamua. Dereva ni wewe, mimi najua kukanyaga mafuta na breki tu.

Binti yako,
Mama Chiriku


Tarehe 11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, kila asubuhi unanikumbusha kwamba ni wangu. Mama yako hajambo, na kuku wa jirani nao hawajambo, kwa hiyo ugomvi unaendelea.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Sikiliza. Mimi nimeendesha magari ya wakubwa tangu ndevu zangu hazijaota vizuri. Nimewapeleka mikutanoni, harusini na mazikoni. Magari yale niliyaosha kuliko nilivyowaosha ninyi watoto wangu. Siku ya kustaafu nilikabidhi ufunguo, nikapewa saa ya ukutani, nikarudi nyumbani kwa miguu nimeikumbatia kifuani. Watu njiani walinipa pole, walidhani nimetoka kwenye mnada.

Sasa binti yangu naye akalipie gari la watu miaka mitatu, halafu arudi kwa miguu? Nguo ya kuazima haisitiri matako. Na hilo la kuzimiwa gari kama taa ya chooni, mimi silidhamini. Nunua lako.

Ukuukuu usikutishe. Mwambie huyo Miwani asiliwashe usiku kucha. Nenda asubuhi likiwa baridi, mfungue boneti, liwashwe, kisha unipigie na uiweke simu karibu na injini. Kazini kwetu halikununuliwa gari kabla sijalisikiliza. Watu hudanganya, injini haijui kudanganya.

Baba yako


Tarehe 20 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo ya pili ni ya shukrani. Natumaini hii inawakuta salama. Huku tumelala vizuri kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze.

Nimelinunua. Ungemwona Miwani siku ile. Alikuwa anasifia viti, anasifia redio, nikamwambia anyamaze, baba yangu anasikiliza. Akanyamaza kama mtu aliye mbele ya hakimu. Akiba ya miaka yangu yote ilikuwa kwenye mkoba begani. Uliposema, "Liko safi, nunua," nilitoa fedha pale pale bila kuzihesabu upya.

Chiriku amelipa jina Bibi Harusi. Amewatangazia watoto wote wa mtaa, kila mmoja lazima aguse mlango. Msimamizi ameliandika kwenye daftari lake. Kazi ipo, na mtoto yupo.

Kitu kimoja tu. Nikipanda kilima nasikia kama mtu anabisha hodi kwa kifundo cha kidole, ndani ya injini. Lilifanya hivyo hata siku ile, lakini kwa kuwa wewe hukuitaja, nami nikajituliza. Ni jambo la kawaida?

Binti yako,
Mama Chiriku


Tarehe 29 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sote wazima, mvua imekubali.

Hongera. Kwenye ukoo wetu wewe ndiye wa kwanza kuendesha gari na kulala na ufunguo wake. Nimewaambia wazee wote wa barazani, na asiyetaka kusikia nimemwambia mara mbili.

Hiyo hodi ni vali tu, magari ya umri huo hukohoa. Tia oili nzito, litatulia. Mama yako amekaa hapa ananisumbua niandike kwamba ulipeleke kwa fundi. Mama yako hata baiskeli hajawahi kuendesha. Nimemwambia kama ana neno aandike barua yake.

Mbusu Chiriku kwenye pengo.

Baba yako


Tarehe 2 Mei

Baba,

Shikamoo. Sijui niulize vipi afya yenu wakati mimi mwenyewe sijui kama ni mzima.

Gari limekufa. Nilitia oili nzito kama ulivyosema, likatulia, nikafurahi. Wiki mbili zilizopita nikiwa njiani kwenda kwa mzee wa sindano ya sukari, kwenye kona ya kiwanda cha mbao, lilipiga kishindo kimoja, moshi ukatoka, likasimama. Niliacha milango wazi nikakimbia na mkoba wa dawa. Nilipofika, majirani walikuwa wameshambeba mzee kumkimbiza hospitali, hajitambui. Amepona, namshukuru Mungu. Lakini wanawe walikwenda ofisini, na kabla ya jioni Msimamizi aliniomba kitambulisho cha kazi na sare.

Fundi amenionyesha. Chuma cha ndani kimekatika, kimetoboa ubavu wa injini, oili yote imebaki barabarani. Nikamwambia lilikaguliwa na mtu anayejua. Akafuta mikono akaniambia, "Dada, hili lilikuwa linagonga siku nyingi. Hata kiziwi angesikia." Ile oili nzito, anasema, ilinyamazisha mlio tu, ugonjwa ulikuwa unaendelea kula ndani.

Nilikwenda kwa Miwani. Akaniambia hakunificha kitu, baba yangu mwenyewe alilikubali kwa simu, na yeye alinyamaza kama alivyoamriwa.

Bibi yake Chiriku ameshapata habari. Wakili ameniandikia, mtoto achukuliwe mwisho wa wiki ijayo. Nimezunguka kutafuta kazi yoyote ya kudumu mpaka soli imetoboka. Vibarua vipo, na wakili anasema kibarua si kazi.

Baba, siku ile ulisikia nini? Sikuulizi kwa ubaya. Usiku najiuliza kama simu ilikwaruza, au niliishika vibaya, au ni mimi nilifanya kosa mahali. Niambie tu, nijue.

Mama Chiriku


Tarehe 19 Mei

Baba,

Shikamoo.

Huandiki. Nimepiga simu, mama anapokea, analia, anakata.

Walikuja kumchukua. Nilikuwa nimepanga nguo zake zote, kisha nikazipanga upya ili wachelewe kuondoka. Aliniuliza anakwenda siku ngapi nikamwambia chache. Sijawahi kumdanganya mtoto wangu kabla ya siku ile.

Binti yako


Tarehe 24 Mei

Mwanangu,

Sijui kama nastahili kuitikia marahaba, lakini naitikia. Mama yako yu mzima wa mwili.

Nimeona umetia sahihi bila kujiita Mama Chiriku. Nimekaa na karatasi ile siku nzima mlangoni. Ile iliyotangulia, uliyoniuliza nilisikia nini, nimeijibu mara nyingi nikachana, maana kila nilipoanza niliweka neno la kujitetea. Hii sitaichana.

Sikusikia kitu. Sikio la kulia lilianza kunitoroka nikiwa bado kazini, na la kushoto limelifuata. Ndiyo maana simu yetu "inakwaruza". Ndiyo maana nataka barua, barua haihitaji masikio. Ukipiga, mama yako hunirudishia maneno yako kwa midomo na mikono, nami najibu nilichobahatika kukielewa.

Ulipoiweka simu kwenye injini nilimtazama mama yako. Midomo yake ilisema, "Linagonga." Nikajifanya sijaona. Akasema tena, akagonga meza kwa kidole ili nielewe. Nikamwinulia mkono akae kimya, kisha nikakwambia nunua.

Mama yako alisikia, mwanangu. Hajawahi kushika usukani na alisikia. Mimi niliona aibu. Ulikuwa unangoja neno langu mbele ya watu, na kwa muda mrefu hapa hakuna anayengoja neno langu kwa lolote. Nikajiambia magari mengi kuukuu yanatembea, hili nalo litatembea. Nilikubahatishia akiba yako na mtoto wako ili nisionekane mzee kiziwi. Hiyo ndiyo kweli yake, haina upande mwingine.

Mama yako aliwahi kuniambia mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamcheka, nikasema kutosikia si maradhi. Sasa hanisemeshi. Si kwamba ningesikia, lakini zamani alikuwa akinigeukia ili nimwone midomo. Siku hizi ananipa kisogo.

Nimekwenda kwenye tawi la ile kampuni ya kukodisha, na hati ya nyumba mkononi. Mama yako alifuatana nami, yeye ndiye aliyesikiliza masharti, na sote wawili tumetia sahihi ya udhamini. Tukishindwa wataichukua nyumba. Amenieleza hilo kwa kuniandikia kwenye kiganja ili asinigeukie. Nenda kachukue gari. Si letu wala halitakuwa letu, lakini litawaka. Ukitaka kunijibu, jibu. Usipotaka, mwandikie mama yako.

Baba yako


Tarehe 30 Julai

Baba,

Shikamoo. Natumaini mmeamka salama wote wawili, na kwamba mama ameanza kukugeukia. Mimi ni mzima, nimekonda kidogo.

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilipoanza nilikuwa naandika matusi. Wewe ni baba yangu na sikulelewa hivyo, kwa hiyo nilingoja. Ungeniambia tu, "Mwanangu, sisikii," ningekodi tangu siku ya kwanza. Ningekutumia mkataba kwa barua, ukanicheka, ukadhamini, na mtoto wangu angekuwa amelala hapa pembeni nikiandika. Siku nyingine naamka nimekusamehe kabisa. Nikipita kwenye ile kona ya kiwanda cha mbao hasira inarudi yote, naanza upya. Ndivyo nilivyo kwa sasa, sitaki nikudanganye.

Gari nimelichukua. Ni jeupe, linanuka upya, halikohoi. Msimamizi amenirudisha kwa majaribio. Wakili anasema nikishika kazi miezi sita bila kukatika, ndipo nitaruhusiwa kuomba mtoto arudi. Kuomba, Baba, si kupewa. Mwezi uliopita mshahara ulichelewa na malipo yakachelewa nao. Nikiwa nyumbani kwa mgonjwa walilizima. Nilitoka nikakuta limekuwa jiwe. Nilikaa ndani yake nikawaza nyumba yenu, nikawaza Chiriku, nikalia mpaka mgonjwa mwenyewe akatuma mtu kuja kuniuliza kama nimefiwa. Mwenzangu wa kazi alinikopesha, likawashwa. Tangu hapo nalipa gari kwanza, ndipo nafikiria chakula.

Bibi yake ananiruhusu kumwona Chiriku Jumapili moja kwa mwezi. Juzi nilikwenda na gari ili nimzungushe kidogo. Nilimfungulia mlango wa mbele. Akasimama, akaniuliza kama ni letu. Nikamjibu ni la watu, tumelikodi.

Akainama akavua viatu. Akavishika mkononi, akaingia polepole, akakaa ukingoni mwa kiti bila kuegemea. Nikamwambia avae, hapa hakuna atakayemgombeza. Akasema, "Nikiwa kwa watu nisichafue, mama. Nikichafua watanifukuza, na wewe huna pa kunipeleka."

Nilishindwa kuwasha gari. Tulikaa hapo hapo nje ya uzio wao, milango wazi, viatu vikiwa mapajani mwake, mpaka saa ya kumrudisha ndani ikafika.

Mwanao